Kusoma Ukubwani kwa Njia ya Masafa: Afya ya Mwanafunzi wa Kariakoo na Wajibu wa Mtoa Huduma

Katika zahanati na vituo vya afya vinavyohudumia Kariakoo na kata jirani za Gerezani, Jangwani na Upanga, hujitokeza mara kwa mara mgonjwa ambaye vipimo vyake havioneshi ugonjwa. Analalamika kichwa kumuuma kila ifikapo jioni, macho kumuwaka, moyo kwenda mbio, usingizi kumpaa usiku na kumlemea mchana. Malaria hana, damu inatosha, na shinikizo la damu limepanda kidogo tu. Anaandikiwa dawa ya maumivu na kuambiwa apumzike. Swali ambalo aghalabu haliulizwi ni hili: mama, je, unasoma?

Wanaosoma ni wengi kuliko wanavyoonekana. Yupo muuza nguo wa Mtaa wa Kongo aliyejiandikisha kusomea shahada akiwa na watoto watatu. Yupo mama lishe anayejiandaa kwa Mtihani wa Maarifa baada ya kuikatiza sekondari kwa sababu ya uzazi. Yupo karani wa ghala Gerezani mwenye vitabu chini ya meza ya hesabu. Na wapo wenzetu wa kada ya afya, hususan wauguzi wenye cheti, wanaotafuta stashahada bila kuacha zamu. Wanafunzi hawa hawavai sare wala hawaingii darasani kwa kengele, hivyo hata majirani hawawatambui kuwa ni wanafunzi. Wengine huficha kabisa, wakichelea maneno ya watu endapo watashindwa.

Makala haya yanaeleza yanayoupata mwili na akili ya mtu mzima anayesoma kwa masafa, na yale ambayo mtoa huduma na mwanafunzi mwenyewe wanaweza kuyafanya. Maoni yangu, nitakayojaribu kuyathibitisha, ni kwamba umri unasingiziwa makosa mengi ambayo si yake. Mambo mawili ndiyo yanayowaangusha wengi: kusoma peke yao na kukosa usingizi. Hilo la kwanza lilikwisha kupatiwa dawa hapahapa mjini miaka hamsini iliyopita, kisha tukaisahau.

Mtaa uliozoea kufundisha watu wazima

Kariakoo huelezwa kwa biashara zake. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na jengo maarufu la soko, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Lakini ukingo wa Kariakoo, kuanzia Mtaa wa Lumumba hadi Barabara ya Bibi Titi Mohamed, una historia nyingine. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Mwaka mmoja kabla yake, mwaka 1960, ilikuwa imeanza kazi ya elimu ya watu wazima chini ya Chuo cha Makerere, ambayo baadaye ilizaa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Sheria Na. 12 ya mwaka 1975 iliifanya taasisi hiyo kuwa chombo kinachojitegemea, na makao yake yangali hapo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka sokoni. Hatua chache kutoka hapo ipo Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa Desemba 1967.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika kipindi hichohicho taasisi iliunda kitengo cha elimu kwa njia ya posta: mwanafunzi alipokea vijitabu, akajibu maswali kwa mkono, akavitia katika bahasha, na baada ya majuma kadhaa akarudishiwa majibu yaliyosahihishwa. Waliopitia njia hiyo wanakumbuka vizuri jinsi shauku ilivyopoa wakati bahasha ikiwa njiani.

Ni mwaka 1973 ambao mtumishi wa afya anapaswa kuukumbuka zaidi. Mwaka huo iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12, Radio Tanzania ilirusha vipindi kuhusu malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Vijitabu vilichapishwa kwa Kiswahili chepesi na kusambazwa nchi nzima. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Kwa vipimo vyovyote vile hiyo ilikuwa elimu ya masafa: mwalimu yuko Dar es Salaam, mwanafunzi yuko Mpwapwa au Rufiji, na kati yao pana mawimbi ya redio.

Hata hivyo hakuna aliyesikiliza peke yake. Hapo ndipo ulipokuwa ustadi wa kampeni ile. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo mafupi, na kila kikundi kilikutana siku ya kipindi, kikasikiliza pamoja, mmoja akasoma kijitabu kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, kisha wakajadili swali moja: sisi hapa tufanye nini? Mkutano haukufungwa bila uamuzi. Wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakafukia madimbwi. Kiongozi wa kikundi hakuwa daktari wala mwalimu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha watu wanafika na kila mmoja anasema. Mpango huo ulikuwa na ndugu zake ng'ambo; wakulima wa Kanada walikuwa na vikundi vya redio vya namna hiyo tangu mwaka 1941, na India na Ghana wakaviiga. Lakini kwa ukubwa wake na kwa jinsi ulivyoifanya afya kuwa somo, wa Tanzania ulisomwa na wataalamu wa elimu duniani kote.

Umbali uliobaki baada ya simu janja

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 na kuzinduliwa Januari 1994. Makao makuu yako Kinondoni, na vituo vyake vimeenea mikoani. Kwa mara ya kwanza mtu aliyeajiriwa, au mwenye duka, aliweza kupata shahada ya hapa nchini pasipo kuacha kazi. Tangu hapo njia zimeongezeka: maandiko yanapatikana kwa intaneti, mihadhara inatazamwa kwenye simu, kazi za kupima zinatumwa kwa kubonyeza mara moja. Safari ya bahasha iliyochukua majuma sasa inachukua sekunde.

Ajabu ni kwamba upweke haukupungua. Mtaalamu wa elimu Michael G. Moore alieleza tangu miaka ya 1970 kuwa umbali katika elimu ya masafa haupimwi kwa kilometa. Umbali halisi ni lile pengo la kutoelewana kati ya anayefundisha na anayefundishwa, na pengo hilo hukua pale mazungumzo yanapopungua, hata kama ujumbe unafika haraka. Mwanafunzi wa Kariakoo anaweza kuishi umbali wa safari moja ya daladala kutoka kituo cha chuo chake, na bado akawa mbali kuliko mkulima wa mwaka 1973 aliyekaa chini ya mwembe na majirani zake kumi na wawili.

Mtu atasema: lakini tuna makundi ya WhatsApp. Ni kweli, na yana faida yake. Hata hivyo kundi la watu 200 ambamo hutumwa mafaili, tarehe za mitihani na salamu za Ijumaa ni ubao wa matangazo. Ndani yake mtu anaweza kukaa muhula mzima bila mtu yeyote kujua kuwa hajaelewa sura ya pili.

Akili ya mtu mzima

Malalamiko ya kwanza ya mwanafunzi mwenye miaka 35 au 45 ni kwamba kichwa hakishiki tena. Mara nyingi huyasema akicheka, lakini anayaamini. Inafaa kumweleza ukweli kwa ukamilifu wake.

Wanasaikolojia, wakifuata kazi ya Raymond Cattell, hutenganisha aina mbili za uwezo wa akili. Wa kwanza ni wepesi wa kuchakata jambo geni kabisa, na huu hufikia kilele ujanani kisha hupungua taratibu. Wa pili ni akiba ya maarifa, msamiati na uzoefu wa kupima mambo, na huu huendelea kukua hadi umri wa makamo na hata kupita. Kijana wa miaka 20 atakariri orodha ya istilahi upesi kuliko mama yake. Lakini mpe mama huyo somo la hesabu za biashara naye ameendesha duka kwa miaka 15, au mpe muuguzi mkongwe somo la magonjwa ya moyo, na utaona jinsi kila fungu jipya linavyopata mahali pa kujishikiza. Mtu mzima hujifunza kwa kuunganisha. Anapolazimika kukariri jambo lisilo na uhusiano wowote na maisha yake, hapo ndipo huchoka. Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwake ni kulitafutia kila somo mfano kutoka dukani kwake, wodini au nyumbani, na kuuandika pembeni mwa ukurasa.

Kuna jambo jingine ambalo husingiziwa ubongo ilhali kosa ni la jicho. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu wake, na maandishi ya karibu huanza kufifia. Mtu husogeza kitabu mbali, huongeza mwanga, husoma mistari miwili na kuurudia wa kwanza, kisha kichwa huanza kuuma na usingizi humjia. Hudhani amezeeka akili. Utafiti uliofanywa Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006 ulionesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wenye miaka 40 na kuendelea walikuwa na hali hiyo. Tiba yake ni miwani ya kusomea. Wachuuzi wa Kariakoo huiuza barabarani, na kwa wengi husaidia, ila nasisitiza kuwa macho yapimwe kwanza hospitalini. Shinikizo la ndani ya jicho na madhara ya kisukari kwenye retina huanza kimyakimya, na miwani ya barabarani inaweza kumridhisha mtu huku maradhi yakiendelea nyuma yake. Kwa anayesoma kwa simu, herufi zikuzwe. Hilo halina gharama.

Kelele nazo zina sehemu yake. Katika Mtaa wa Msimbazi au Uhuru, vipaza sauti vya wauzaji hurudia tangazo lilelile kutwa nzima. Imethibitika katika majaribio kwamba maneno ya binadamu, hata yasiyokuhusu na hata yakiwa ya sauti ya chini, huvuruga kumbukumbu ya kile unachosoma kuliko mngurumo wa feni au wa jenereta, kwa kuwa ubongo hauwezi kujizuia kuyasikia kama lugha. Anayesoma dukani asijilaumu. Asome pale mambo mepesi, kama kupitia maswali aliyokwisha kuyajibu, na magumu ayabakize kwa alfajiri au kwa saa mbili za maktaba.

Usingizi ni sehemu ya kusoma

Hapa ndipo ningependa kukaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo madhara makubwa hutokea na ndipo pia ushauri wa mtoa huduma huwa na nguvu.

Siku ya mwanafunzi mfanyabiashara hujipanga hivi. Huamka saa 10 alfajiri, saa 12 yuko njiani, hufunga duka saa 1 au saa 2 usiku, hufika Mbagala au Gongo la Mboto saa 3 na nusu, hula, huwatazama watoto, na kitabu hufunguliwa saa 5 usiku. Anajipa hadi saa 7. Kwa hesabu hiyo amelala saa tatu. Akishikilia mwendo huo kwa muhula mzima huonekana ni mtu wa juhudi, na jamii humsifu.

Elimu ya ubongo haikubaliani na sifa hizo. Tangu mwaka 1924, Jenkins na Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell walionesha kwamba mtu akijifunza jambo kisha akalala, hulikumbuka zaidi kuliko akikaa macho kwa muda uleule. Tafiti zilizofuata zimefafanua sababu. Mchana, maarifa mapya huwekwa kwa muda katika sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi. Usiku, hasa katika usingizi mzito, ubongo huyarudia na kuyahamishia kwenye gamba lake, mahali pa kudumu. Kwa mfano wa sokoni, mchana mzigo hushushwa barazani na usiku ndipo huingizwa ghalani. Asiyelala huacha mzigo wake barazani, na asubuhi hupata kidogo kilichosalia. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi kwa usiku. Wengi wa wasomaji wetu hawawezi kuupata wote, nami sitawahubiria lisilowezekana. Lakini yapo mambo yanayowezekana.

Saa moja ya alfajiri baada ya kulala huzaa matunda kuliko saa mbili za usiku wa manane. Anayeanza kusoma saa 5 usiku akiwa amechoka afadhali alale mara tu baada ya chakula, aamke mapema. Usingizi mfupi wa dakika 20 mchana, hata kwenye kiti nyuma ya duka, hurudisha umakini. Na safari ya mwendokasi au daladala itumike kujiuliza maswali ya jana, maana hilo halihitaji kitabu wala mwanga.

Kahawa inastahili aya yake. Kikombe cha kahawa chungu cha kijiweni, pamoja na kashata, ni sehemu ya utamaduni wa mji huu, wala sina ugomvi nacho saa 10 jioni. Ila mwili wa mtu mzima huchukua takriban saa 5 kuondoa nusu tu ya kafeini. Aliyekunywa saa 3 usiku bado ana nusu yake mwilini saa 8 usiku, na hata akilala, usingizi wake huwa wa juujuu. Kwa mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango muda huo hukaribia kuongezeka maradufu, na kwa mjamzito katika miezi ya mwisho huzidi hapo sana. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito anayetumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku apunguze. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kila kona navyo vina kafeini, na wanafunzi wengi hawavihesabu.

Muuguzi aliye mwanafunzi

Mtumishi wa afya anayesoma kwa masafa ana mzigo wa pekee: uchovu wake unaweza kumgharimu mtu mwingine. Mwaka 1997, Dawson na Reid wa Australia walichapisha matokeo yanayopaswa kubandikwa kwenye kila chumba cha wauguzi. Mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo, walionesha, hutenda kazi za uratibu wa jicho na mkono kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi humkataza dereva kuwa nacho. Akifikisha saa 24 hutenda kama mwenye asilimia 0.10. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, akaingia somo la asubuhi kwa simu, kisha jioni akarudi zamu, anahesabu dozi za watoto akiwa katika hali hiyo.

Sisemi asisome. Nchi inamhitaji asome, na njia ya masafa ndiyo inayomwezesha kufanya hivyo bila wodi kubaki tupu. Jirani zetu wa Kenya walilitambua mapema: mwaka 2005 Baraza la Wauguzi la nchi hiyo na shirika la AMREF walianzisha mafunzo ya kielektroniki ya kuwapandisha wauguzi wenye cheti hadi stashahada, kwani vyuo vya bweni visingeweza kuwahudumia maelfu waliokuwa wakisubiri. Katika mpango huo vituo vya kujifunzia viliwekwa hospitalini, ili muuguzi asomee mahali anapofanyia kazi akiwa na wenzake. Hapa kwetu Wizara ya Afya imekuwa na kituo chake cha elimu ya masafa Morogoro. Kinachohitajika zaidi ngazi ya kituo ni jambo dogo la utawala: muuguzi mfawidhi awajue wanafunzi wake na tarehe zao za mitihani kabla ya kupanga orodha ya zamu, na asimpangie mtu zamu ya usiku kisha mtihani asubuhi yake. Wasomao hospitali moja wapangiwe, pale inapowezekana, zamu zinazowapa nafasi ya kukutana. Kwa muuguzi mwenyewe kanuni ni fupi: baada ya zamu ya usiku, lala kwanza, soma baadaye.

Kusoma kwa kuulizana

Mwaka 2006, Roediger na Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi kifungu cha habari. Baadhi walikisoma tena na tena. Wengine walikisoma kisha wakajaribu kuandika walichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya juma moja mambo yaligeuka, na waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi. Watu wazima wengi, kwa kuogopa kukosea, huchagua njia ya kwanza. Hupiga mistari ya rangi kurasa zote, hurudia kusoma, na hujisikia wanajua, kwa kuwa maandishi wameyazoea. Siku ya mtihani huyakuta maswali tu, bila maandishi waliyoyazoea.

Kikundi cha watu wanne au watano ni mahali pa kujaribiwa bila aibu. Hapa ndipo muundo wa 1973 unapofaa kurudishwa kama ulivyokuwa: siku maalumu na saa maalumu, kiongozi asiye lazima awe mjuzi, kila mmoja aseme, na mkutano ufungwe kwa kuamua nani ataeleza nini juma lijalo. Jumapili alasiri, maduka mengi yakiwa yamefungwa, baraza la duka linatosha. Kila mtu aje na maswali matatu, vitabu vikiwa vimefunikwa. Kikundi kizidipo saba, wawili huanza kunyamaza, na ni bora kukigawa. Faida nyingine ya kikundi haimo katika vitabu vya elimu: asiyefika majuma mawili hufuatwa. Mtu aliyeanza kuzama katika sonona, au aliyeacha dawa zake kwa kukosa nauli, huonekana kwanza na wenzake kabla hajaonekana na daktari.

Kwa mtoa huduma

Swali la kusoma liingizwe katika historia ya mgonjwa yeyote mwenye kichwa kisichoeleweka, kukosa usingizi, au shinikizo linalopanda na kushuka. Linaulizwa kwa upole, kwa sababu wengine hawajamwambia hata mwenzi wao. Baada ya hapo kuna wagonjwa ambao jibu la ndiyo linabadilisha matibabu yao.

Wa kwanza ni mwenye kifafa. Kukesha ni miongoni mwa vichocheo vinavyojulikana vizuri vya degedege, na msimu wa mitihani unaweza kuvunja utulivu wa miaka. Aelezwe wazi kwamba kwake yeye saa za kulala ni sehemu ya dawa, na ikibidi apewe barua ya kuomba chuo kimwongezee muda wa kuwasilisha kazi. Vyuo hupokea barua za namna hiyo, ila wanafunzi wengi hawajui kuwa wanaweza kuziomba.

Anayeishi na VVU na kutumia dawa zenye dolutegravir anaweza kuwa miongoni mwa wachache wanaokoseshwa usingizi nayo. Kabla ya kulaumu masomo, aulizwe anakunywa saa ngapi. Kuhamishia dozi asubuhi husaidia wengi, lakini asihamishe mwenyewe bila kuzungumza na kliniki yake. Mwenye kisukari anayetumia insulini asianze kipindi kirefu cha kusoma usiku pasipo kula, na awe na kitu cha sukari karibu. Mwenye shinikizo la damu anayetumia dawa ya kuongeza mkojo aimeze asubuhi, asije akaamshwa mara tatu katika usiku ambao tayari ni mfupi. Na pale huzuni, kukata tamaa au mawazo ya kujidhuru yanapojitokeza, hasa baada ya matokeo mabaya, hiyo ni dharura kama zilivyo nyingine. Mgonjwa asirudishwe nyumbani kwa maneno ya kumtia moyo tu.

Kundi la mwisho tunakutana nalo kliniki ya mama na mtoto. Novemba 2021 Serikali iliruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito kurejea shuleni, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inawapokea wanaochagua njia mbadala ya sekondari nje ya shule ya kawaida. Mama wa miaka 18 anayenyonyesha huku akijiandaa kwa mtihani hulala kwa vipande, na anahitaji kuambiwa kuwa kusahau kwake kunatokana na hilo. Anahitaji pia chakula cha kutosha, njia ya uzazi wa mpango aliyoichagua mwenyewe, na mtu wa kusoma naye. Siku ya kupima uzito wa watoto, kwenye benchi moja huweza kukaa mama watatu wanaosomea mtihani uleule bila kujuana. Muuguzi akishapata idhini ya kila mmoja, anaweza kuwakutanisha kabla hawajaondoka, akawaachia kivuli cha mti nje ya kliniki kwa dakika thelathini, na kuwapangia tarehe ya kurudi iwe moja kwa wote watatu.